Damu Izungukayo Ubongo Pasipo Uvimbe wa Mshipa: Suala la Vena na Mikondo Yake

Mwanafunzi wa jiografia anayesoma Mpanda hana haja ya kwenda mbali ili aelewe maana ya mgawanyo wa maji. Sehemu kubwa ya mvua inyeshayo upande wa kusini wa Mkoa wa Katavi huingia katika Mto Katuma, hupita katika Ziwa Katavi na Ziwa Chada ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1974, na mwisho wake ni Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Mvua inyeshayo upande wa kaskazini na mashariki hufuata Mto Ugalla hadi Malagarasi, ikafika Ziwa Tanganyika, na kutoka huko, kwa njia ya Mto Lukuga na Mto Kongo, huishia katika Bahari ya Atlantiki. Matone mawili yaweza kuanguka hatua chache tu yakiachana, yakatenganishwa na mwinuko usioonekana kwa macho, nayo yasikutane tena.

Ndani ya kichwa cha binadamu imo mikondo ya namna hiyo. Damu ikishatumika katika ubongo hukusanywa na vijito vidogo, vijito huungana kuwa mito, na mito humwagikia katika mifereji mikubwa iendayo shingoni na moyoni. Wanafunzi wengi hudhani kwamba ramani ya mikondo hiyo ni moja kwa watu wote, kama ilivyochorwa katika kitabu. Sivyo. Ateri kubwa za ubongo zina tofauti zake baina ya mtu na mtu, lakini vena zina tofauti nyingi zaidi. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi tofauti moja ya vena, ambayo mtu huzaliwa nayo na aghalabu huishi nayo mpaka uzeeni pasipo kujua, ilivyohusishwa na ugonjwa uliowatatiza madaktari kwa muda mrefu: damu kumwagika kuuzunguka ubongo, na chanzo chake kisionekane.

UBONGO NA DAMU YAKE

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili. Hata hivyo hupokea takriban mililita 750 za damu kila dakika, na hutumia kama sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote itumiwayo na mwili uliopumzika. Kiungo kilacho kiasi hicho hakiwezi kuvumilia njaa. Damu ikikatika kwa dakika chache tu, chembe za ubongo huanza kufa.

Damu huingia kwa ateri nne: mbili mbele ya shingo na mbili nyuma, ambazo hupita katika matundu ya mifupa ya uti wa mgongo. Chini ya ubongo ateri hizo huungana na kufanya duara. Mtu aliyelieleza vizuri duara hilo ni tabibu Mwingereza Thomas Willis, katika kitabu alichokitoa mwaka 1664, na baadhi ya michoro yake ilichorwa na Christopher Wren, yule yule msanifu aliyejenga kanisa kuu la St Paul's huko London. Damu ndani ya ateri husukumwa na moyo kwa shinikizo kubwa. Kwa mtu mwenye afya hupanda hadi milimita 120 za zebaki na kushuka hadi 80 kwa kila pigo la moyo. Ikifika katika vena, nguvu hiyo imekwisha kutumika, na shinikizo ndani ya vena za kichwa cha mtu aliyelala ni kama milimita 5 hadi 10 tu. Ukuta wa ateri ni mnene na una misuli, lakini wa vena za ubongo ni mwembamba sana. Isitoshe, vena hizi kwa kawaida hazina zile vali ambazo mwanafunzi amejifunza kuzihusisha na vena za miguu.

Ubongo umefunikwa na tando tatu. Wa nje ni mgumu na umeshikamana na fuvu. Ndani yake ndimo ilimo mifereji mikubwa ya damu ya vena. Wa ndani ni laini sana na umegandamana na ubongo wenyewe. Wa katikati huitwa araknoidi, jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana ya buibui, kwa kuwa una nyuzinyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui. (Kiswahili hapa kinatusaidia kuliko lugha nyingi, maana kwetu sisi neno “utando” latumika kwa vyote viwili.) Chini ya utando huo wa buibui pana nafasi iliyojaa maji safi kama ya chemchemi, yenye kuulinda ubongo usigongane na fuvu. Maji yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150, nayo hutengenezwa upya mara kadhaa kwa siku. Mishipa mikubwa ya ubongo, ateri kwa vena, hupita katika nafasi hiyo. Mmoja wao ukipasuka, damu huchanganyika na maji hayo na kuuzunguka ubongo. Huo ndio ugonjwa tunaouzungumzia.

DALILI, NA CHANZO KILICHOZOELEKA

Mgonjwa hupatwa na maumivu ya kichwa ya ghafula, makali kuliko yote aliyowahi kuyapata maishani, na aghalabu aweza kutaja alikuwa akifanya nini yalipoanza. Hutapika, na baada ya saa kadhaa shingo hukakamaa. Wengine huzirai papo hapo, na wengine hufa kabla ya kufikishwa hospitali.

Kati ya wagonjwa 100 wa aina hiyo ambao mishipa yao huchunguzwa, wapatao 85 huonekana kuwa na uvimbe katika ateri. Uvimbe huo huitwa anurizimu. Mahali ateri inapogawanyika, ukuta wake hudhoofika na kutuna kama mpira wa baiskeli utunavyo palipochakaa, mpaka siku moja unapasuka. Yasemekana mara kwa mara kwamba uvimbe huu ni ugonjwa wa Wazungu na kwamba Mwafrika haupati. Dai hilo halina msingi. Mwaka 2009 Julius Ogeng'o, profesa wa anatomia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake, walichapisha maelezo ya wagonjwa wa Kenya waliokuwa na uvimbe huo. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya dhana ile ya zamani ilitokana na uchache wa mashine tu: asiyekuwa na tochi husema pango ni tupu.

Uvimbe huo hutisha kwa sababu huvuja tena. Mgonjwa asipotibiwa, uwezekano wa damu kumwagika mara ya pili ni mkubwa, hasa katika saa 24 za kwanza na majuma machache yanayofuata, na mara ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza. Kwa hiyo daktari hana budi kuutafuta kwa haraka ili uzibwe.

Namna ya kuutafuta ina historia ya kuvutia. Mwaka 1927 Mreno Egas Moniz alifaulu kuonyesha mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai kwa kutia katika ateri ya shingo dawa inayozuia miale ya eksirei, kisha kupiga picha. Uchunguzi huo huitwa anjiografia. Hatua ya pili ilikuwa mashine ya siti skani, ambayo hupiga picha nyingi za eksirei kuuzunguka mwili na kuzitumia, kwa msaada wa kompyuta, kuchora ubongo tabaka kwa tabaka. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo jijini London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Lakini hesabu iliyowezesha jambo hilo ilikuwa imekwisha fikiriwa Afrika. Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg na kufundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alianza kulishughulikia tatizo hilo mwaka 1956 alipokuwa akisaidia kazi za mionzi katika hospitali ya Groote Schuur. Yeye na Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja mwaka 1979. Walimu wa fizikia wangefaa kulitaja jina lake darasani mara nyingi zaidi.

WAGONJWA WASIO NA UVIMBE

Sasa tufike kwenye kitendawili chenyewe. Ikiwa 85 kati ya 100 wana uvimbe, wapo 15 hivi ambao anjiografia yao haionyeshi kitu. Kwa miaka mingi watu hawa waliwekwa katika kapu moja. Madaktari waliwaambia kwamba huenda uvimbe upo lakini umejificha, wakawarudia kwa uchunguzi mmoja baada ya mwingine, na wagonjwa wakaishi kwa hofu.

Mwaka 1985 daktari Mholanzi Jan van Gijn na wenzake walifanya jambo jepesi ambalo halikuwa limefanywa: badala ya kuikodolea macho mishipa isiyoonyesha kitu, walitazama damu ilikuwa imekaa wapi katika picha za siti skani zilizopigwa mapema. Walikuwa na wagonjwa 28 wenye anjiografia safi. Kwa 13 kati yao damu ilikusanyika mahali pamoja, mbele na kandokando ya ubongo wa kati, ile sehemu fupi iunganishayo ubongo mkubwa na shina lake; haikutapakaa kwingine kama ifanyavyo damu ya uvimbe uliopasuka. Na wagonjwa hao walipona vizuri.

Mwaka 1991 Gabriel Rinkel na wenzake, huko huko Uholanzi, walieleza habari za wagonjwa 113 wasio na uvimbe ulioonekana. Wale 77 ambao damu yao ilikuwa imeuzunguka ubongo wa kati walipona wote pasipo kuvuja tena. Wale 36 ambao damu yao ilitapakaa hawakuwa na bahati hiyo. Baadhi yao walivuja tena, wakafa au wakapata ulemavu. Kumbe kapu lile moja lilikuwa na magonjwa mawili. Mwaka 2007 wafuatiliaji wa wagonjwa 160 wa kundi lile la kwanza waliripoti kwamba hakuna hata mmoja aliyevuja damu tena kwa sababu ile ile, na kwamba umri wao wa kuishi haukupungua ukilinganishwa na wa watu wengine.

Wagonjwa hawa hutofautiana na wale wa uvimbe hata kwa namna ugonjwa unavyoanza. Maumivu yao mara nyingi huongezeka kwa dakika kadhaa badala ya kulipuka kwa nukta moja. Ni nadra kuzirai. Na wakifika hospitali huwa wanazungumza na kujitambua. Yote haya yanaelekeza kwenye mvujo wa polepole, wenye shinikizo dogo. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa mpira wa kumwagilia bustani na mtungi wa udongo. Toboa mpira uliofunguliwa maji, na maji yataruka hadi ukutani. Mtungi wenye ufa hutoa jasho tu, na maji yakauzunguka sehemu ya chini. Ateri ni ule mpira. Je, mtungi ni nini? Jibu linalokuja haraka ni vena.

MTO USIOACHA NJIA YAKE YA ZAMANI

Kila upande wa ubongo wa kati umezungukwa na vena moja iitwayo kwa jina la Mjerumani Friedrich Christian Rosenthal, mwanaanatomia wa mwanzoni mwa karne ya 19. Huanzia chini ya ubongo, hupinda nyuma kuuzunguka ubongo wa kati, na kwa kawaida humwagikia katika vena fupi na nene yenye jina la Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2. Kutoka hapo damu huingia katika mfereji mnyofu wa utando mgumu. Hiyo ndiyo ramani ya kitabuni.

Kwa nini ramani hiyo hubadilika? Jibu limo katika tumbo la mama. Mtu aliyeifuatilia habari hii kwa subira ya ajabu ni Dorcas Padget, ambaye hakuanza kama daktari bali kama mchoraji wa picha za tiba huko Baltimore, Marekani. Katika miaka ya 1950 alichapisha maelezo ya jinsi vena za kichwa zinavyojengeka hatua kwa hatua katika mimba changa. Vena ya Rosenthal, tofauti na mishipa mingi, haizaliwi ikiwa mto mmoja. Hapo awali viko vijito vifupi mbalimbali, kila kimoja kikishuka kivyake hadi kwenye mfereji ulio karibu nacho. Baadaye, ubongo mkubwa unapokua na kurudi nyuma, vijito hivyo huungana ncha kwa ncha kwa urefu, na njia zile fupi za zamani hufifia. Mto mpya hupatikana kwa kuunganisha vipande.

Basi, palipo na kuunganisha hapakosi kutokuunganika. Kwa watu wengine kipande kimoja hakikutani na kingine, au hukutana kwa kimfereji chembamba tu, na damu huendelea kutumia njia ile ya utotoni: badala ya kwenda kwa Galen, hushuka moja kwa moja katika mifereji ya utando mgumu iliyo chini ya ubongo. Hali hii haipaswi kuitwa ugonjwa. Ni kama Mto Katuma ungebaki na mkondo wake wa kale wakati majirani zake wamekwisha chepuka. Ila njia hiyo ya zamani ni fupi na nyembamba, nayo huingia katika mfereji mgumu uliofungwa kwenye mfupa. Shinikizo la vena likipanda kwa ghafula, kwa mfano mtu anapojikaza kunyanyua gunia, kukohoa kwa nguvu au kujikamua chooni, wimbi hilo hurudi nyuma pasipo vali ya kulizuia wala mto mpana wa kulimeza. Mahali palipo dhaifu huenda pakapasuka. Na hakika baadhi ya wagonjwa wa aina hii husimulia kwamba maumivu yaliwaanza walipokuwa katika kazi nzito.

Mwaka 2002 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba tofauti za vena huonekana kwa wingi kwa wagonjwa wenye damu isiyo na uvimbe. Mwaka 2004 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, wakiongozwa na Irene van der Schaaf, walilipima jambo hili kwa namna ambayo wanafunzi wa takwimu wataipenda. Walichukua wagonjwa 55 wenye damu kuuzunguka ubongo wa kati, na kuwalinganisha na wagonjwa 42 waliovuja damu kwa sababu ya uvimbe wa ateri. Katika kundi la kwanza, 53 katika kila 100 walikuwa na njia ile ya zamani angalau upande mmoja. Katika kundi la pili walikuwa 19 katika kila 100. Jambo lililonivutia zaidi ni hili: mwenye njia ya zamani upande mmoja tu, damu yake haikuonekana kulemea upande ule mwingine. Mwaka 2008 watafiti wa Madrid, Uhispania, nao waliripoti uhusiano wa namna hiyo.

JE, JAMBO HILI LIMETHIBITIKA?

Hapa yafaa tusimame, maana wapenda habari za sayansi hukimbilia kusema “chanzo kimepatikana”. Tazama tena zile namba. Kama njia ya zamani ingekuwa ndiyo chanzo pekee, wale 47 katika 100 wasiokuwa nayo wamevujaje? Na kama mtu 1 katika 5 wa kundi la kulinganisha alikuwa nayo, basi wako watu wengi mno mitaani wenye vena za namna hiyo, wasioumwa kitu. Uhusiano upo, lakini uhusiano na chanzo ni vitu viwili. Kwa kauli ya tahadhari, njia hii ya vena yaelekea kuwa hali inayomweka mtu karibu na hatari, na hatari yenyewe ni ndogo sana.

Ipo sababu nyingine ya kutothibitika, nayo ina kejeli ndani yake. Magonjwa mengi ya ubongo yalieleweka kwa kuupasua ubongo wa marehemu. Wagonjwa hawa hawafi. Wanapona, wanarudi mashambani, wanazeeka, wanakufa kwa mambo mengine miaka 30 baadaye, na kidonda cha vena, kama kilikuwapo, kimekwisha toweka. Ugonjwa usioua humnyima mwanaanatomia ushahidi. Kilichobaki ni kuhukumu kwa alama za nje: mahali damu ilipokaa, upande ilipolemea, na namna ilivyovuja.

MPANDA: SAA NA KILOMETA

Haya yote yana uhusiano gani na mkulima wa mahindi wa vijijini Mpanda, au kijana achimbaye dhahabu katika machimbo madogo ya huko? Yana uhusiano mkubwa, kwa kuwa maneno “uvimbe haukuonekana” hubeba maana tofauti kulingana na saa na mahali yalipotamkwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima ananyanyua gunia la mahindi saa nne asubuhi. Kichwa kinamuuma ghafula, anatapika, anakaa chini ya mwembe. Kufika jioni shingo imekakamaa na joto la mwili limepanda kidogo. Katika zahanati iliyo karibu, kichwa na kutapika hutazamwa kwanza kama malaria, na shingo kukakamaa hutazamwa kama homa ya uti wa mgongo. Hatuwalaumu waganga, katika mkoa wetu magonjwa hayo mawili ni mengi na huua upesi, na ni haki yatangulie. Lakini iwapo kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, na mgonjwa anasema kwa hakika kwamba maumivu yalimjia kwa ghafula akiwa na gunia begani, na homa ilikuja nyuma ya maumivu wala si mbele yake, basi neno “ghafula” lina uzito kuliko kipimajoto.

Sasa tuihesabu saa. Siti skani ipigwayo ndani ya saa 6 za kwanza, kwa mashine nzuri na macho yaliyozoea, huionyesha damu karibu kwa wagonjwa wote. Siku zinavyopita, maji ya ubongo huisafisha damu hiyo, na baada ya juma moja karibu nusu ya picha huwa safi. Ushahidi mwingine hupatikana katika maji ya uti wa mgongo, yatolewayo kwa sindano kiunoni, njia aliyoianzisha Mjerumani Heinrich Quincke mwaka 1891. Damu ikikaa katika maji hayo kwa saa 12 hivi huvunjika na kuyapa rangi ya manjano, ambayo hudumu kwa majuma mawili hivi. Rangi hiyo ndiyo inayotofautisha damu ya ugonjwa na damu ya sindano iliyogusa mshipa njiani: maji yakizungushwa katika sentrifuji, chembe nyekundu hushuka chini; ikiwa ni damu ya sindano maji ya juu hubaki meupe, na ikiwa ni ya ugonjwa hubaki na manjano. Kuamua kama ni salama kumchoma mgonjwa sindano hiyo ni kazi ya daktari aliyemwona.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Mpanda aliyehitaji picha ya ubongo hakuwa na njia ila safari ndefu, kwa barabara ya vumbi au kwa ile reli ya tawi ya kilometa zipatazo 210 hadi Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 si kwa ajili ya wagonjwa bali kwa ajili ya madini ya risasi. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka Rukwa. Katika miaka ya 2020 Serikali ilinunua mashine za siti skani kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, na hatua hiyo imekata kilometa nyingi kati ya mgonjwa na picha ya kwanza. Uchunguzi wa mishipa yenyewe kwa mrija, na tiba ya kuziba uvimbe, bado hupatikana katika hospitali chache kubwa, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Kwa hiyo mkulima wetu akipigwa picha siku ile ile, na damu ikaonekana ikiwa imeuzunguka ubongo wa kati peke yake, na mishipa ikachunguzwa kwa ukamilifu isionyeshe uvimbe, anaweza kuambiwa kwa haki kwamba atapona, kwamba si lazima auze ng'ombe kwa ajili ya safari ya tatu ya uchunguzi, na kwamba gunia halitamwua. Akipigwa picha siku ya tisa, na picha ikawa safi, hakuna awezaye kumwambia hivyo. Hapo “haukuonekana” ina maana ya “ulichelewa kutafutwa”. Na hata picha ya mapema yenye sura ile njema haitoshi pasipo kuchunguza mishipa, maana kama wagonjwa 4 au 5 katika 100 wenye sura hiyo huwa na uvimbe katika ateri za nyuma ya ubongo, ambao umevuja mahali pale pale.

HESABU MOJA YA DARASANI

Utafiti wa Cincinnati, Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kwamba damu ya aina hii, ile ya kuuzunguka ubongo wa kati pasipo uvimbe, humpata takriban nusu mtu kwa mwaka katika kila watu wazima 100,000. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Mkoa wa Katavi una watu zaidi ya milioni 1. Tukichukulia kwamba karibu nusu yao ni watu wazima, mwanafunzi atapata wagonjwa wawili au watatu kwa mwaka katika mkoa mzima.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kama namba ya Cincinnati inafaa kutumika Katavi, naye atakuwa na haki. Mradi mmoja wa kuhesabu viharusi vya aina zote nchini Tanzania, uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006, ulipata, baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 315.9 jijini Dar es Salaam. Kama mahali pawili katika nchi moja paweza kutofautiana mara tatu, Ohio na Katavi zaweza kutofautiana zaidi. Jibu la “wawili au watatu” ni kadirio la kuanzia, basi.

Lakini hebu tulikubali kwa sasa. Damu ya aina hii ni kama sehemu 1 katika 10 ya damu zote zimwagikazo chini ya utando wa buibui. Nyuma ya kila mgonjwa mmoja wa vena wako tisa hivi wengine, walio wengi wakiwa na uvimbe unaoweza kupasuka tena kabla ya kesho. Katika saa ya kwanza, chini ya mwembe, hakuna mtu awezaye kuwatenganisha kwa kuwatazama. Ndiyo sababu barua ya rufaa kutoka zahanati, pamoja na jina na umri na kipimo cha malaria, huwa na manufaa makubwa kwa daktari wa mkoa ikiwa imeandikwa jambo moja ambalo halihitaji mashine: maumivu yalianza siku gani, saa ngapi, na mgonjwa alikuwa akifanya nini.